Mji, Jua na Kivuli cha Wengi

Watu waliojenga miji ya mwambao waliujua upepo kwa majina yake na kwa miezi yake. Kaskazi huvuma tangu Desemba hadi Machi, na jua lake kali na fukuto la usiku. Kusi huja baadaye pamoja na kipupwe cha Juni na Julai, wakati ambapo hata Unguja mtu huvuta shuka alfajiri. Katikati ya pepo hizo kuna mvua za masika, na mwishoni mwa mwaka vuli. Kalenda iliyowaongoza manahodha wa majahazi iliwaongoza pia mafundi wa nyumba.

Ukipita vichochoro vya Lamu au vya Mji Mkongwe utaona kazi ya mafundi hao. Kuta ni za mawe ya matumbawe, nene kiasi cha nusu mita, na zimepakwa chokaa inayorudisha mwanga wa jua ulikotoka. Dari zimebebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti hazina urefu wa kutosha, vyumba vikawa vyembamba. Lakini vilijengwa kwenda juu, hewa ya moto ikapanda na kuwaacha watu chini. Uwanja wa ndani uliruhusu hewa kupita bila kumwonyesha mpita njia waliomo. Vichochoro vyenyewe ni vyembamba kwa faida: nyumba ya upande mmoja huitilia kivuli ya upande wa pili, na jua la utosi hugusa ardhi kwa muda mfupi tu.

Kisha kuna baraza, na hapa ndipo moyo wa habari hii ulipo. Baraza ni sehemu ya nyumba ya mtu, imejengwa kwa fedha zake, lakini mgeni akipita na mzigo wake atakaa, atapumzika, ataomba maji. Mzee asiyeonekana barazani kwa siku mbili huulizwa. Kivuli kile kilikuwa mali ya mtaa. Ninavyoona mimi, historia nzima ya joto la mijini inaweza kusomwa kwa swali hilo: kivuli ni cha nani?

Wenye nguvu, bila shaka, walipata upepo bora zaidi tangu zamani. Mwanzoni mwa karne ya 14, Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa alijenga Husuni Kubwa juu ya genge linalotazama bahari, jumba la vyumba zaidi ya 100 lenye birika la kuogea la pembe nane. Huko Cairo matajiri waliweka juu ya paa mitego ya upepo, malqaf, iliyochota hewa ya juu na kuishusha ukumbini. Katika karne ya 20 mbunifu Hassan Fathy aliifufua elimu hiyo na kujaribu kuipeleka kwenye nyumba za wanavijiji. Lakini si kila mwenye cheo aliponea. Maskati ilisifika kwa ukali wa jua lake: mjumbe Abd al-Razzaq wa Samarkand, aliyepita pale mwaka 1442 akielekea India, aliandika juu ya joto hilo kwa hofu ya mtu aliyedhani hatatoka hai.

Tusiipambe Zanzibar ya kale kupita kiasi. Mawe yale yalibebwa na watumwa, na upande wa Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, wengi waliishi katika vibanda vya udongo na makuti. Wala elimu ya pepo haikumkinga mtu na kila kitu. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikazamisha merikebu za Sultani Barghash bandarini na kung'oa minazi na mikarafuu kisiwani. Pemba ilisalimika, na tangu hapo ndiyo iliyotangulia kwa karafuu. Siku moja ya upepo usiotarajiwa ilibadili uchumi wa visiwa viwili.

Wakoloni walikuja na jibu la namna nyingine: kulikimbia joto, au kuligawa. Serikali ya Waingereza nchini India ilihamia Shimla, milimani, kila kiangazi kuanzia 1864, mafaili na makarani wakipandishwa juu pamoja na Gavana Mkuu. Wajerumani wakajitengenezea Wilhelmstal katika milima ya Usambara, yaani Lushoto ya leo. Dar es Salaam waliipangia kanuni za ujenzi mwaka 1891, na kutokana na mipango ya aina hiyo Uzunguni kukawa na bustani, miti mikubwa na upepo wa bahari, na Waafrika wakasukumwa nyuma, kwenye viwanja vilivyobanana. Ramani ya miti ya jiji hilo bado inafuata mipaka ya wakati ule. Tembea mchana kutoka Oysterbay hadi Manzese, ngozi yako itakusomea ramani hiyo bila kosa.

Kwamba mji wenyewe huzaa joto, hilo liligunduliwa London, mji wa ukungu. Luke Howard, mtengeneza dawa aliyeyapa mawingu majina yanayotumika hadi leo, alipima hali ya hewa kwa miaka mingi, na katika kitabu alichoanza kukichapisha mwaka 1818 alionyesha kwamba usiku katikati ya jiji ni wa joto kuliko mashambani, tofauti ya nyuzi 2 hivi. Mawe na matofali huhifadhi jua la mchana na kulitoa polepole watu wanapolala. Joto la mchana mwili hulivumilia kama usiku utaupumzisha. Usiku usipopoa, moyo haupati nafasi.

New York ilijifunza hayo Agosti 1896. Kwa siku kama kumi joto halikushuka, na watu wapatao 1,300 walikufa, wengi wao wahamiaji waliobanana katika majengo ya kupangisha yasiyo na madirisha ya kutosha. Walilala juu ya mapaa na kwenye ngazi za nje. Wengine walianguka usingizini. Theodore Roosevelt, aliyekuwa mkuu wa bodi ya polisi kabla ya kuwa rais, alisimamia ugawaji wa barafu ya bure kwa maskini. Miaka sita baadaye, mwaka 1902, Willis Carrier alibuni mtambo wa kudhibiti unyevu katika kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, kwa sababu karatasi zilikuwa zikivimba na rangi kupotoka. Kiyoyozi kilizaliwa kwa ajili ya karatasi. Kilipowafikia watu, kilileta raha ya kweli na kikaokoa maisha, lakini pia kiliwafungia ndani wenye nacho na kuwatupia joto walio barabarani.

Julai 1995 Chicago ilifika nyuzi 41, na katika siku chache walikufa watu 739 zaidi ya kawaida. Eric Klinenberg, mwanasosholojia, alilinganisha mitaa miwili jirani, North Lawndale na South Lawndale. Kote kulikuwa na umaskini na wazee wanaoishi peke yao, lakini vifo vilitofautiana sana. Kule kaskazini maduka yalikuwa yamefungwa, viwanja vimebaki magofu, na wazee waliogopa kutoka. Kusini barabara zilijaa watu, maduka yalikuwa wazi, na mzee alikuwa na mahali pa kwenda na watu wa kumwona. Msomaji wa mwambao anaijua siri hiyo ya baraza tangu utotoni. Paris nayo, Agosti 2003, iliwapoteza wazee wengi katika vyumba vya juu kabisa chini ya mapaa ya zinki, ndugu zao wakiwa likizoni. Ufaransa nzima ilizika karibu watu 15,000.

Tangu wakati huo vipimo vinazidi kutisha. Mwaka 2018 huko Quriyat, Oman, halijoto haikushuka chini ya nyuzi 42.6 mchana wala usiku kwa saa 24. Katika Hija ya 2024 mahujaji 1,301 walifariki, wengi wao wakiwa hawana vibali rasmi, kwa hiyo hawakuwa na mahema yenye ubaridi wala mabasi. Swali la kivuli limefika hadi Makka.

Dar es Salaam ilikuwa na watu laki 2 na elfu 70 hivi mwaka 1967. Sensa ya 2022 ilihesabu milioni 5.38. Makuti yameondoka na bati limekuja, jepesi, la kudumu, na moto kama kikaango ifikapo saa saba mchana. Bloku za saruji zimejaza nyua, na mikungu na miarobaini imekatwa ili kupata fremu za biashara. Ubaya wa zege ni kwamba linatudhuru mara mbili: linahifadhi jua, kisha linayakataa maji kuingia ardhini. Mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu wapatao 40 na kuwahamishia wakazi wa mabondeni Mabwepande, ni ndugu wa fukuto la Februari. Bonde la Msimbazi likikosa miti na nyasi, mji unakosa pumzi na unakosa pia mahali pa kumwaga maji.

Ziko serikali za miji zilizoamka. Ahmedabad, India, ilipoteza watu 1,344 zaidi ya kawaida Mei 2010, joto lilipofika nyuzi 46.8. Mwaka 2013 ikaanzisha mpango wa kwanza wa aina yake Asia ya Kusini: tahadhari za mapema, wauguzi waliofundishwa kutambua mtu aliyepigwa na joto, maji ya kunywa mitaani, na baadaye chokaa nyeupe juu ya mapaa ya maskini. Freetown, Sierra Leone, mwaka 2021 ilimteua Eugenia Kargbo kuwa ofisa wa joto, wa kwanza Afrika, na miongoni mwa kazi za awali ilikuwa kuezeka vivuli juu ya masoko ya wazi ambako akina mama hukaa juani kutwa nzima na nyanya zao.

Hatua hizo zinawezekana Dar es Salaam, Mombasa na Bujumbura kwa bajeti za halmashauri. Mama lishe, machinga, bodaboda na mwanafunzi anayesubiri daladala wanalipa kodi na ushuru. Kituo chenye paa na mti, bomba la maji sokoni, shule isiyo na bati tupu juu ya madawati: haya yaandikwe kwenye makadirio ya mwaka huu wa fedha, kwa jina la mtaa na kwa kiasi cha fedha.