Moyo wa Kavirondo Kusini, Kabla ya Vidonge vya Matunda

Mwaka 1929 jarida la kitabibu la Lancet, linalochapishwa London, lilitoa makala ya daktari C. P. Donnison. Alikuwa amehudumu miaka miwili katika hospitali ya Kavirondo Kusini, wilaya ya kikoloni iliyokusanya sehemu kubwa ya nchi ambayo leo ni Kisii, Nyamira, Homa Bay na Migori. Kati ya wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa, hakukuta hata mmoja mwenye presha ya juu.

Akapima pia watu 1,000 walioonekana wazima. Hadi umri wa miaka 40 hivi, presha yao ililingana na ya Wazungu. Baada ya hapo njia zikaachana: ya Wazungu iliendelea kupanda, ya wenyeji ikaelekea kushuka.

Chakula chao kilikuwa samaki wa ziwani, mtama, wimbi, na mboga chungu kama osuga na dek. Matunda mengi yalichumwa porini: ochuoga tamu yenye utomvu, othoo wa nchi kavu, na chwaa, yaani ukwaju. Wachungaji waliyala wakiwa malishoni, lakini ukwaju ulifika hadi jikoni. Ganda huvunjwa, nyama yake ikalowekwa na kuminywaminywa kwa vidole mpaka iachane na mbegu. Maji yale ya kahawia huchujwa, yakatiwa kwenye uji, nao ukapata uchachu wake.

Donnison hakupima matunda. Watu wale walilima kwa jembe la mkono, walitembea mwendo mrefu, na vyakula vya viwandani vilikuwa haba. Umri wa wengi ulikisiwa tu. Kuupa ukwaju sifa zote za mioyo ile ni kuwadhulumu waliotoka jasho.

Ushahidi wa karibu zaidi ulikuja miaka 60 baadaye. Watafiti wakiongozwa na Neil Poulter waliwafuata Wajaluo waliohama vijijini magharibi mwa Kenya kwenda Nairobi, wakawalinganisha na waliobaki nyumbani. Matokeo yalichapishwa katika British Medical Journal mwaka 1990: presha ya waliohama ilikuwa juu kuliko ya wenzao, na mkojo wao ulionyesha sodiamu ya chumvi imezidi ikilinganishwa na potasiamu. Potasiamu imo kwa wingi katika matunda, mboga na maharagwe. Huisaidia figo kutoa sodiamu na mishipa ya damu kulegea.

Wakati huo maisha ya mjini yalikuwa yameshaanza kufika kijijini. Kampuni ya sukari ya Sony ilianzishwa Awendo, Migori, mwaka 1976, na miwa ikachukua mashamba. Chai ya sukari, mandazi na mafuta ya kupikia vikawa vya kila siku. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini ana presha ya juu. Zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwahi kupimwa, na wengi mno hawakufikisha kiwango cha matunda na mboga kinachopendekezwa kwa siku.

Pengo hilo ndilo linalouza vidonge na unga wa matunda kwa watu wa makamo. Kidonge huchukua sehemu ndogo ya tunda na mara nyingi huacha nyuzinyuzi, zile zinazopunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu na kusaidia kushusha lehemu. Pia kina hatari zake. Mwenye figo dhaifu anaweza kudhurika na potasiamu ya ziada, na balungi huongeza nguvu ya baadhi ya dawa za presha na za lehemu. Kwa hiyo anayemeza dawa za zahanati hana budi kumwambia mhudumu kila unga na kila chupa anayotumia.

Miti yenyewe inahitaji ulinzi wa haraka. Mkwaju hukua polepole na mbao zake ngumu hutoa makaa mazuri, hivyo shoka huuandama. Kaunti zikiweka chwaa, ochuoga na othoo kwenye vitalu vyao pamoja na maembe na parachichi, na zahanati zikampima presha kila aliyetimiza miaka 40, uchunguzi wa Donnison utapata mwendelezo pale pale ulipoanzia.