DSLR ya zamani au supazumu ndogo? Mwongozo kwa mpiga picha wa Rugerero

Mpiga picha wa tarafa ya Rugerero, wilayani Rubavu, anaweza kuitwa kufanya kazi mbili zisizofanana katika siku moja. Asubuhi atatakiwa kuleta picha ya mdiria au mnandi wa Ziwa Kivu, au ya kilele cha mlima Nyiragongo mawingu yanapokiacha kwa muda mfupi. Usiku ataingia katika ukumbi wa harusi wenye taa hafifu, na maharusi hawatavishana pete mara ya pili kwa sababu picha ya kwanza imetoka na giza. Kazi ya kwanza inataka kamera inayoona mbali. Ya pili inataka kamera inayoona penye mwanga mdogo. Kwa pesa za kijana anayeanza, ni nadra kupata kamera moja inayoziweza zote mbili.

Hapo ndipo linapozuka swali la kununua kamera ya DSLR iliyokwisha kutumika, au kamera ndogo yenye zumu ndefu, yaani supazumu. Makala haya yanaeleza namna kila moja inavyofanya kazi, mahali inaposhindwa, na mambo ya kukagua kabla pesa hazijatoka mkononi.

Tofauti iko ndani

DSLR ina kioo nyuma ya lenzi kinachoelekeza mwanga kwenye tundu la kuchungulia. Kitufe kinapobonyezwa, kioo huinuka na mwanga ukafika kwenye kihisi, kipande kinachoshika picha mahali ilipokuwa filamu zamani. Lenzi yake hutolewa na kubadilishwa. Wapiga picha wengi duniani wamekwisha kuhamia kwenye kamera zisizo na kioo, na kwa hiyo DSLR nyingi ambazo bado ni nzima zimeingia katika soko la vifaa vilivyotumika kwa bei iliyoshuka sana.

Supazumu haina kioo, na lenzi yake haitoki. Canon PowerShot SX740 HS, iliyotolewa mwaka 2018, ina uzito wa takriban gramu 300 na huvuta mara 40. Nikon Coolpix P900 ya mwaka 2015 huvuta mara 83, na P1000 ya mwaka 2018 huvuta mara 125, ingawa hiyo ya mwisho ina uzito wa gramu 1,415 na haingii mfukoni hata kidogo.

Siri ya uwezo huo ni kihisi kidogo. Kihisi cha supazumu hizi kina upana wa milimita 6 hivi na kimo kisichofika milimita 5. Cha DSLR ya kawaida kina upana wa milimita 22 au 23 na kimo cha 15, yaani eneo lake ni kubwa takriban mara 12. Kihisi kidogo huwezesha lenzi ndogo kuvuta mbali, na hichohicho ndicho kinachopokea mwanga kidogo. Sifa ya supazumu na kasoro yake zimetoka tumbo moja.

Mwanga unapopungua

Rubavu iko karibu na mstari wa ikweta. Jua huzama karibu na saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, na giza huingia upesi. Saa hiyo ndiyo mitumbwi ya wavuvi wa sambaza, iliyofungwa mitatumitatu kwa miti mirefu, hutoka kwenda ziwani. Ni picha inayotafutwa na wengi, nayo huja wakati mwanga unaondoka.

Katika hali hiyo DSLR, hata ya miaka kumi na mitano iliyopita, ina nafasi nzuri zaidi, hasa ikifungwa lenzi ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8. Coolpix P900 ikivutwa hadi mwisho, tundu lake haliwezi kufunguka zaidi ya f/6.5. Kwa kila eneo lililo sawa la kihisi, tundu la f/1.8 huingiza mwanga takriban mara 13 zaidi. Anayetumia supazumu jioni atalazimika kuongeza kipimo cha ISO hadi picha ijae chembechembe, au kuacha shata wazi kwa muda mrefu hadi watu watoke kama vivuli.

Katika harusi kuna jambo la pili. DSLR ina mahali pa kuchomeka flashi ya nje ambayo mpiga picha huielekeza darini, mwanga ukarudi chini kwa upole juu ya nyuso. Supazumu nyingi ndogo hazina mahali hapo.

Umbali unapozidi

Mchana kweupe mizani hugeuka. DSLR nyingi zilizotumika huuzwa na lenzi ya milimita 18 hadi 55, ambayo huvuta mara tatu tu. Mdiria aliyetua kwenye nguzo mita 40 mbele ataonekana kama nukta. Lenzi ya milimita 300 itasaidia, lakini huenda ikagharimu kuliko kamera yenyewe. Supazumu humleta ndege huyo karibu bila mzigo wa ziada.

Hata hivyo zumu haifuti hewa iliyo kati ya kamera na kitu. Nyiragongo iko zaidi ya kilomita 15 kutoka Rugerero, na moshi, vumbi na joto hufanya picha yake ionekane kama imefunikwa chandarua. Dawa yake ni kuamka mapema, kabla ardhi haijapata joto, na kuiweka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu.

Msituni hesabu ni nyingine tena. Katika Hifadhi ya Taifa ya Volkano, mgeni hukaa mita chache tu kutoka kwa gorila wa milimani, na flashi hairuhusiwi. Hapo umbali si tatizo. Tatizo ni kivuli cha miti, na DSLR inafaa zaidi.

Asiyehitaji kuvuta mbali asinunue supazumu kwa matumaini ya ubora. Simu nyingi za kisasa zina kihisi kinachokaribia au kuzidi ukubwa wa kihisi chake. Ukiondoa zumu, faida inayobaki ni ndogo.

Pikseli zisikudanganye

Muuzaji hupenda kutaja idadi ya pikseli. Nikon D90 ya mwaka 2008 ina pikseli milioni 12 tu, lakini picha yake ya 4288 kwa 2848 huchapishwa vizuri kwa ukubwa wa sentimita 36 kwa 24, zaidi ya karatasi ya A4. Kwa albamu ya harusi, hiyo inatosha.

Kinachopaswa kuulizwa ni video. D90 ndiyo DSLR ya kwanza duniani kurekodi video; za kabla yake, na hata D3000 iliyofuata mwaka 2009, hazirekodi. Supazumu mpya hurekodi video safi na kuituliza mikono inapotetemeka. Ikiwa wateja wako wanataka picha na video pamoja, jambo hili lisipuuzwe.

Kagua kabla ya kulipa

Kwa DSLR, uliza shata imefyatuliwa mara ngapi. Mafundi wana programu za kusoma idadi hiyo. Shata ya D90 ilijaribiwa na kiwanda kwa mifyatuo 100,000, kwa hiyo iliyokaribia hapo ipunguziwe bei. Mulika ndani ya lenzi kwa tochi ya simu: ukiona nyuzi kama za buibui, hiyo ni kuvu, maradhi ya kawaida penye unyevu. Piga picha ya anga kwa tundu la f/16. Madoa meusi ni vumbi juu ya kihisi. Kumbuka pia kwamba Nikon D40, D60, D3000 na D3100 hazina mota ya kulenga ndani ya mwili, kwa hiyo lenzi za zamani zisizo na mota yake zitalengwa kwa mkono.

Kwa supazumu, ivute hadi mwisho na kuirudisha mara kumi huku ukisikiliza. Mkwaruzo au kusita ni dalili mbaya, kwani mota ikifa, kamera nzima imekufa. Vumbi lililoingia ndani ya lenzi haliondoki bila kuifungua, na gharama ya fundi yaweza kushinda thamani ya kamera.

Kwa zote mbili, hakikisha betri na chaja vipo, weka kadi yako mwenyewe, piga picha hamsini, ukazitazame kwenye kompyuta. Andikianeni hati ya mauzo yenye namba ya kamera, usije ukanunua mali ya wizi.

Ruhusa na utunzaji

Kamera inayoona mbali haimpi mtu haki ya kuchungulia. Rwanda ina sheria ya mwaka 2021 ya kulinda data binafsi na faragha. Omba idhini kabla ya kupiga na kusambaza sura ya mtu, na usielekeze lenzi kwenye vituo vya mpaka wa Goma au kwa askari bila kibali.

Hifadhi kamera ndani ya chombo kinachofungika pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu. Picha zenyewe ziwe na nakala katika nyumba nyingine au kwenye intaneti. Usiku wa kuamkia Mei 3, 2023, mafuriko na maporomoko ya ardhi yaliua watu zaidi ya 130 nchini, na mto Sebeya ukabomoa nyumba nyingi wilayani Rubavu. Nyumba inapokwenda na maji, picha za ndoa na za marehemu huenda nazo. Nakala iliyobaki kwa mpiga picha huenda ikawa ndiyo kumbukumbu pekee ya familia.

Uamuzi

Ikiwa riziki yako itatokana na watu, yaani harusi, ubatizo, akika na sherehe za jioni, nunua DSLR iliyotumika pamoja na lenzi ya milimita 50, na flashi ifuate baadaye. Ikiwa unafuata ndege, milima na michezo ya mchana, au unaongoza watalii na hutaki mzigo, chukua supazumu. Anayesitasita aandike kazi kumi anazotarajia kuzifanya mwezi ujao, na mbele ya kila moja aandike saa na umbali. Orodha hiyo itamshauri vizuri kuliko muuzaji.