Kabla shemeji hajawasha grenda: historia ya kukata paa la gari la zamani

SEHEMU YA 1

Leo sizungumzii homa wala uji wa lishe. Najua kuna watakaoguna, "nesi naye kaingia gereji?" Nivumilieni kidogo.

Nyumbani kwa mama mkwe kuna Peugeot 504, ile sedan, ya marehemu baba mkwe. Mtoto wangu wa kwanza nilipelekwa kumzaa ndani ya gari hilo. Nililala kiti cha nyuma nikihesabu uchungu na kuangalia kitambaa cha paa kilichoanza kulegea. Sasa shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ameona kwenye simu magari ya zamani ya Marekani yaliyokatwa paa, yamekaa chini chini kama yananyemelea kitu. Amepata na fundi. Wanataka kutoa inchi 4 kwenye nguzo za paa, walishushe, walipake nyeusi, kisha wakodishe kwa maharusi. Siku zisizo na harusi, gari libebe familia kama kawaida.

Mume wangu hakusema ndiyo wala hapana. Aliniangalia mimi. Basi nikaanza kusoma, na nilichokipata ndicho hiki.

SEHEMU YA 2

Kwanza tuelewane. Kukata paa siyo kuling'oa gari libaki wazi. Ni kukata kipande katikati ya nguzo zote zinazoshika paa, kisha kulirudisha paa na kulichomelea likiwa fupi. Madirisha yanabaki membamba kama macho ya mtu anayesinzia.

Mchezo huu ulikulia California. Miaka ya 1930 vijana wa Los Angeles walikuwa wanapeleka Ford zao kuukuu jangwani, kwenye ziwa lililokauka la Muroc, eneo ambalo leo ni kambi ya jeshi la anga ya Edwards. Ardhi pale ni tambarare na ngumu, unakimbiza gari mpaka injini ilie. Mwaka 1937 vilabu vyao vikaungana vikaunda chama, SCTA, cha kusimamia mashindano. Kijana asiye na hela ya injini kubwa alikuwa na njia moja rahisi ya kupata mwendo: kupunguza kimo cha gari ili upepo usiwe na pa kusukuma. Kwa hiyo mwanzoni watu hawakukata kwa urembo.

Halafu shika jambo hili, tutalirudia. Zile Ford zilikuwa na chasisi nzito ya chuma chini, na bodi limewekwa juu yake kama sanduku juu ya mkokoteni. Ukikata sanduku, mkokoteni uko pale pale.

SEHEMU YA 3

Vita vya Pili vilipoisha, vijana walirudi na ujuzi wa kuchomelea na hela kidogo mfukoni. Hapo ndipo kukata paa kulipogeuka pambo. Gari lililopendwa kuliko yote ni Mercury za mwaka 1949 hadi 1951, nene, za mviringo. Kulikuwa na ndugu wawili, Sam na George Barris, wenye karakana Lynwood, California. Sam ndiye aliyekuwa na mikono ya chuma, George ana mdomo na kamera. (Baadaye George ndiye aliyetengeneza gari la Batman la kwenye televisheni, 1966.) Sam alichukua Mercury yake ya 1949 ikiwa bado mpya kabisa, akaikata paa. Fikiria mwenzio ananunua gari jipya halafu siku chache baadaye unasikia msumeno nyuma ya nyumba!

Mwaka 1952 wakamtengenezea Bob Hirohata, Mmarekani mwenye asili ya Kijapani, Mercury yake ya 1951. Paa lilishuka inchi 4 mbele na inchi 7 nyuma. Nguzo ya katikati, ile iliyoko kati ya dirisha la mbele na la nyuma, waliiondoa kabisa. Gari likapakwa kijani, na mwaka uliofuata Hirohata akaliendesha kutoka California mpaka Indianapolis. Lilikuja kuuzwa tena, kijana mmoja akalinunua kwa dola 500, akakaa nalo maisha yake yote. Januari 2022 liliuzwa kwenye mnada kwa zaidi ya dola milioni 2.

Hiyo bei ndiyo shemeji anayoirudia kila akija kula. "Dola milioni mbili, shem!" Nikamwambia wanunuzi wale walilipia mkono wa Barris na historia ya gari lenyewe. Fundi wetu pale mtaani namheshimu, bampa yangu aliinyoosha vizuri, lakini siyo Sam Barris.

Na kazi yenyewe siyo ya kukata na kurudisha. Nguzo za paa zimeegemea ndani, kwa hiyo ukitoa inchi 4 sehemu ya juu haikutani tena na ya chini. Inabidi ama uzilaze nguzo, ama upasue paa vipande ulitanue kwa kuongeza bati. Vioo ndiyo balaa. Kioo cha tabaka mbili chenye karatasi laini katikati fundi anaweza kukikata. Kioo kilichokaushwa kwa moto mkali, kama vioo vya pembeni vya magari mengi ya miaka ya 1960 kuja huku, hakikatiki. Ukikigusa na kifaa kinamwagika chote punje punje. Magari mengi ya Ulaya ya wakati wa 504 yalikuwa nacho hata kwa mbele.

Dereva naye anaona nini? Kwa magari ya miaka ile yenye kioo kifupi au kivuli cha chuma juu ya kioo, waliuza kidude cha kubandika kwenye dashibodi ili kikuonyeshe taa za barabarani zilizo juu. Yaani umekaa kwenye foleni, taa huioni.

SEHEMU YA 4

Hapa mama zangu msinikimbie, hapa ni kwangu.

Magari yale ya kina Barris yalipewa jina la utani lenye neno risasi ndani yake. Siyo ya bunduki, ni yale madini laini, mazito. Kabla ya puti za plastiki, mafundi waliyeyusha risasi wakaziba nayo maungio yote, kisha wakalisugua mpaka likawa laini. Vumbi lile lilienda wapi? Kwenye mapafu, kwenye ovaroli, na jioni kwenye kochi la nyumbani.

Sisi hatutatumia risasi, tutatumia puti. Sawa. Lakini rangi nyingi za zamani za magari zilikuwa na risasi ndani, na gari likipigwa msasa uani kwa mama mkwe, vumbi linatua pale pale watoto wanapochezea. Mtoto mdogo anatambaa, analamba mkono, anaokota punje ya mchanga anaitia mdomoni. Kwa risasi aliyoimeza, mwili wake unanyonya mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima. Inamharibia ubongo unaokua, inampunguzia damu, na ukiwa mjamzito inavuka kondo la nyuma inamfikia aliye tumboni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Nchi zetu za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha petroli yenye risasi kufikia Januari 2006 kwa sababu hiyo hiyo. Sasa tuirudishe kwa grenda, uani, Jumamosi?

Kwa hiyo hata kama baba watoto anapiga msasa gari bila kukata chochote: afanyie mbali na nyumba, alowanishe bati kwa maji vumbi lisiruke, avae barakoa ya vumbi (siyo ile ya kitambaa), na nguo zake zisifuliwe pamoja na nepi.

SEHEMU YA 5

Turudi kwenye sanduku na mkokoteni. 504 ilitoka 1968, na haina mkokoteni. Sakafu, nguzo na paa ni kitu kimoja, vimeshikana kama ganda la yai, na paa linabeba sehemu ya kazi. Peugeot wenyewe walipotaka 504 isiyo na paa, hawakuchukua sedan wakaikata. Walitengeneza nyingine, sakafu ikafupishwa, na bodi zake zilitengenezwa Italia kwa Pininfarina.

Marekani, iliko anzia kazi hii ya kukata, ndiko pia serikali ilikoamua paa lipimwe. Kuanzia Septemba 1973 paa la gari dogo lilitakiwa kubeba, upande mmoja, mzigo wa mara moja na nusu ya uzito wa gari lenyewe. Mwaka 2009 wakapandisha ikawa mara 3. 504 ina kama kilo 1,200, piga hesabu mwenyewe.

Nisimwonee fundi. Nguzo fupi siyo lazima iwe dhaifu, ikiunganishwa na mtu anayejua na chuma cha ndani kikashikana vizuri. Tatizo ni kwamba puti na rangi hufunika kila kitu, na wewe unayekaa nyuma na mtoto huwezi kujua chini yake kuna nini mpaka gari lipinduke. Tena hata chuma kikiwa kizima, nafasi kati ya kichwa na paa imepungua sentimita 10. Nimepokea majeruhi wa magari yaliyopinduka. Shingo ndiyo tunayoishika kwanza, kabla ya hata kuuliza jina.

Na ule mkanda unaopita begani, aliouleta Nils Bohlin wa Volvo mwaka 1959, kwenye sedan nyingi umefungwa juu kwenye ile nguzo ya katikati. Ndiyo ile ile aliyoondolewa Hirohata. Ukiikata, mkanda unashuka, badala ya kupita begani unatoka nyuma ya mgongo. Mwaka 1978 jimbo la Tennessee ndilo lilikuwa la kwanza Marekani kulazimisha mtoto mdogo afungwe kwenye kiti chake. Kiti hicho kinahitaji kimo, mkanda, na mlango ambao mama anaweza kuinama akamfunga bila kugonga kichwa.

SEHEMU YA 6

Jumapili tulikaa wote. Shemeji alishachora mstari wa chaki kwenye nguzo zote, pande mbili. Sikubishana. Nilileta kiti cha mtoto wangu wa pili nikakifunga nyuma, nikamkalisha, nikamwomba shemeji ashike rula ya fundi apime kutoka utosini mpaka kitambaa cha paa, kisha atoe inchi 4. Alipima mara mbili. Baadaye mama mkwe, ambaye hakuwa amesema neno, akauliza kama akivaa kilemba cha harusi ataingia.

Paa halikatwi. Shemeji atapaka nyeusi, atashusha springi kidogo, na msasa utapigwa kwa fundi, siyo nyumbani. Amenuna, lakini jana alikuja kula.

Mwenye mume au kaka mwenye mpango kama huu aniandikie. Kesho tunarudi kwenye chanjo ya surua ya miezi 9, maana kuna mama kaniambia mtoto wake alipata homa baada ya sindano na amegoma kurudi.