Kumbukumbu ya Mwili, na Ugonjwa Unaoifuta

Leo tunazungumza juu ya kinga ya mwili. Nitaanza na mifugo, kwa sababu mfugaji aliijua kinga kabla hospitali haijajengwa hapa kwetu Kerio.

Mwishoni mwa miaka ya 1880 ugonjwa wa ng'ombe uitwao sotoka uliingia Afrika kupitia Eritrea, na kufikia mwaka 1891 ulikuwa unafyeka ng'ombe wa Kenya. Wafugaji waliona jambo moja: ng'ombe aliyeugua sotoka akapona hakuugua tena. Nanyi mnaikumbuka sotoka ya mbuzi na kondoo, iliyothibitishwa hapa Turkana mwaka 2006. Macho yenye tongo, kamasi, vidonda mdomoni, kuhara, kukohoa. Je, dalili hizo hujaziona kwa mtoto? Ni kama za surua. Virusi vya sotoka, vya sotoka ya mbuzi na vya surua ni wa ukoo mmoja, na wataalamu wanaamini surua ilitokana na ugonjwa wa ng'ombe zamani sana, watu walipokuwa wakiishi karibu na mifugo kama sisi.

Kwa nini aliyepona haugui tena? Katika damu kuna chembechembe nyeupe, ambazo ndizo askari wa mwili. Adui mgeni akiingia, huchukua siku kadhaa kumjua. Ndipo mtoto anapata homa, na homa yenyewe ni sehemu ya vita hivyo. Baadhi ya askari hutengeneza kingamwili, zinazomshika adui huyo peke yake. Vita vikiisha, askari wengi hufa, lakini wachache hubaki na kumbukumbu. Siku adui akirudi, wanamtambua upesi, kama mchungaji anavyotambua chapa ya ng'ombe wa ukoo mwingine.

Kumbukumbu hiyo hudumu. Mwaka 1846 surua ilivamia visiwa vya Faroe huko Ulaya. Daktari Peter Panum aliona kwamba wazee walioiugua mwaka 1781 hawakuipata tena, ingawa miaka 65 ilikuwa imepita.

Chanjo ni kuufundisha mwili kumbukumbu hiyo bila kuupitisha kwenye ugonjwa. Ya sotoka ilipatikana hapa hapa Kenya. Karibu na mwaka 1960, pale Muguga nje ya Nairobi, Walter Plowright na wenzake walichukua virusi vilivyotoka Kabete wakavikuza mara nyingi katika chembe za figo za ndama, hadi vikakosa nguvu ya kuua. Mwili wa ng'ombe ulivitambua vilevile. Mara ya mwisho sotoka kuonekana duniani ilikuwa mwaka 2001, kwa nyati wa mbuga ya Meru, na mwaka 2011 ikatangazwa kuwa imeangamizwa. Surua, ndugu yake, bado tunayo.

Na surua ina ubaya wake. Huingia ndani ya wale askari wenye kumbukumbu na kuwaua. Mwaka 1908 daktari Clemens von Pirquet wa Vienna aliona watoto ambao ngozi ilikuwa ikivimba wanapopimwa kifua kikuu, lakini walipopata surua ngozi ikaacha kuvimba. Mwili ulikuwa umemsahau adui. (Ndiye pia aliyebuni neno aleji, mwaka 1906. Siku hizi tunalitumia askari wanapopigana na kitu kisicho na kosa, kama vumbi. Hiyo tutaizungumzia siku nyingine.) Mwaka 2019 watafiti walipima damu ya watoto 77 wa Uholanzi ambao hawakuchanjwa, kabla na baada ya surua. Watoto hao walikuwa wamepoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya kingamwili zao dhidi ya magonjwa mengine.

Kwa hiyo mtoto anapona upele, mama anashukuru Mungu, kisha baada ya wiki au miezi nimonia au kuhara kunamchukua. Watu husema, "Surua iliisha, hii ni nyingine." Hapana, mama. Ni surua ileile iliyoacha boma wazi. Udhaifu huo unaweza kudumu miaka miwili au mitatu, na wakati wa ukame, mtoto akiwa hajashiba, ni hatari zaidi. Ajabu ni kwamba surua yenyewe mwili huikumbuka.

Chanjo haifuti kumbukumbu hiyo. Hutolewa mtoto akiwa na miezi 9, na tena miezi 18. Dozi ya pili ilianza Kenya mwaka 2013, na tangu 2016 sindano hiyo ina kinga ya rubela pia. Dozi ya miezi 9 pekee haimkingi kila mtoto, kwa sababu wengine bado wana kingamwili walizopewa na mama tumboni, nazo huizuia chanjo kufundisha. Hii ya pili ndiyo inayopotea, kwa sababu familia imehama na mifugo. Mkihama, beba kile kijitabu cha mama na mtoto. Awe Lodwar au Kakuma, mtoto atachanjwa.

Na kama surua imeshamshika, mlete kliniki apewe vitamini A siku mbili mfululizo, endelea kumnyonyesha, na ukiona anapumua haraka haraka, usingoje asubuhi.