Utulivu Usiotokana na Bakora

Mtambile ipo kwenye barabara ya Mkoani kwenda Chake Chake, katika kisiwa cha mikarafuu na cha siasa kali. Anayetaka kuielewa hamaki ya mtoto katika darasa la huko hana budi kuisoma kwanza historia ya Pemba.

Januari 27, 2001, vyombo vya dola viliwafyatulia risasi waandamanaji waliodai uchaguzi mpya baada ya ule wa Oktoba 2000. Zaidi ya watu 20 waliuawa. Wapatao 2,000 walivuka bahari hadi Shimoni, Kenya. Oktoba 2001, CCM na CUF zilitia saini Muafaka. Mkataba huweza kurekebisha tume ya uchaguzi, lakini hauwezi peke yake kuondoa woga moyoni mwa mtoto. Waliokuwa darasa la kwanza mwaka ule sasa ni wazazi na walimu.

Chuoni na skuli, jawabu la mazoea limekuwa bakora. Husemwa: samaki mkunje angali mbichi. Lakini samaki hukunjwa kwa mkono, hapigwi rungu. Mtoto anayenyamazishwa kwa kipigo hajifunzi kuitawala ghadhabu. Anajifunza kwamba ghadhabu ni haki ya mwenye nguvu. Somo hilo tumeliona likirudi kila msimu wa uchaguzi.

Pwani yetu ina urithi mwingine. Katika miaka ya 1980, mpango wa skuli za awali za madrasa ulianza Mombasa kwa msaada wa Aga Khan, ukafika Zanzibar mwaka 1990. Uliunganisha dini, nyimbo, hadithi na michezo ya vifaa vya kienyeji. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 ikaitambua elimu ya awali, na Sheria ya Mtoto ya 2011 ikaweka msingi wa kumlinda mtoto.

Kinachobaki ni utendaji. Mwalimu amwinamie mtoto anayelia, aitaje hisia yake kwa jina, ampe muda wa kuvuta pumzi, ndipo amuulize kilichotokea. Hayo hayawezekani kwa mwalimu mmoja mwenye darasa lililofurika. Kwa hiyo watumishi wa umma wasiuone utulivu wa mtoto kuwa jambo la huruma tu: ni suala la bajeti, mafunzo ya walimu na idadi ya madarasa. Amani ya Zanzibar ina mjadala wake Barazani. Msingi wake unajengwa mapema zaidi, mkekani, miongoni mwa watoto wa miaka mitano.