Utani wa Waluguru: Ngome Isiyobomolewa na Maji

Mtu atokaye mji wa Morogoro kwenda Matombo na Kisaki hushika njia ya Bigwa. Bigwa iko chini ya milima ya Uluguru. Juu yake milima imesimama na mawingu yake, na mbele yake limetandaa bonde la mto Ngerengere. Leo twapenda kusimama hapo kidogo, tukumbuke mambo mawili ya kale yaliyotokea katika nchi ile: ngome iliyojengwa kwa mawe, na ngome iliyojengwa kwa tabia ya watu. Ya kwanza ilianguka; ya pili ingali imesimama.

Katika karne ya kumi na tisa alikuja huku Mzigua mmoja, jina lake Kisabengo. Alikuwa hodari wa vita, akakusanya watu wengi chini yake, akajenga mji karibu na hapo ulipo Morogoro leo. Mji huo uliitwa Simbamwene. Sifa zake hazikuwa njema zote. Burton, Mwingereza aliyepita njia ya misafara mwaka 1857, aliandika habari zake kama mtu wa kuteka watu na kuwauza. Alipokufa, binti yake alishika utawala, na misafara iliyopita ilidaiwa hongo.

Mwaka 1871 Stanley alipita akienda kumtafuta Livingstone. Aliustaajabia mji ule. Aliona ukuta wa mawe, minara katika pembe zake, na milango ya mbao iliyochongwa nakshi kama milango ya Unguja. Bila shaka wenyeji wake walidhani ya kwamba ukuta kama ule hauwezi kutikiswa na mtu yeyote. Nao hawakukosea, maana haukutikiswa na mtu. Mwaka 1872, katika masika ya tufani kubwa iliyoharibu Unguja pia, mto ulifurika. Stanley aliporudi aliukuta ukuta wa mbele umechukuliwa na maji, pamoja na nyumba zipatazo hamsini.

Basi, hayo ndiyo mawe. Sasa natutazame ngome ya pili, nayo ni utani.

Waluguru na Wazigua ni watani, na ndani ya Uluguru kwenyewe koo na koo hutaniana. Mwaka 1944 R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege aliyekuwa akifanya kazi Amani, alichapisha makala juu ya utani wa makabila ya Tanganyika. Jambo moja husikika mara nyingi katika masimulizi ya wazee: utani huu ulianzia katika vita. Makabila yalipigana, yakachoka, yakapatana. Na baada ya kupatana wakasema, tangu leo maneno yetu ya uadui yatakuwa maneno ya mzaha.

Tafadhali lifikirini sana jambo hili. Wahenga wamesema, mwenye kovu usidhani kapoa. Watu waliopigana wana makovu. Njia moja ni kuyafunika, kila mtu akajifanya amesahau, huku moyo wake unatokota. Njia ya watani ni nyingine. Wao hulifunua kovu mchana kweupe, wakalicheka pamoja. Mtani humwita mwenzake mtumwa wake, naye hujibiwa ya kuwa babu zake walikimbia vita wakiacha mikuki. Mtu mgeni akisikia hudhani damu itamwagika. Kumbe wawili wale wanakwenda kula chungu kimoja.

Lakini utani si maneno tu. Thamani yake huonekana msibani. Mtu akifa, ndugu wa marehemu wamelegea kwa huzuni, mikono yao haina nguvu. Hapo watani huja. Hushika majembe wakachimba kaburi, husaidia katika kazi za mazishi ambazo wafiwa ni vigumu kuzifanya. Na katikati ya kilio mmoja wao huiga mwendo wa marehemu, au ukali wake, au ubahili wake. Mwingine hushuka kaburini akalala, akasema hatoki mpaka apewe fedha. Wafiwa hucheka machozi yakiwatoka, wakatoa kidogo walicho nacho, na mzigo wa moyo ukapungua. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki; na Mluguru anajua kwamba rafiki huyo huenda akawa mjukuu wa adui yake.

Twaona basi tabia njema tatu katika shule hii isiyo na ubao wala chaki. Ya kwanza ni uvumilivu. Mtu anayetukanwa mbele ya watu wala hana ruhusa ya kukasirika, amefundishwa kuitawala hasira yake. Ya pili ni ukweli. Jirani huogopa kumwambia tajiri kwamba ni mchoyo. Mtani humwambia akiwa hai, na humwambia tena akiwa kaburini. Ya tatu ni wema wa mikono, yaani wema usiosemwa tu bali hutendwa, tena hutendwa siku ya shida.

Ubaya wa kukosa mtu wa kusema kweli, au sikio la kuisikia, ulionekana wazi katika milima hii hii. Mwaka 1950 serikali ya Waingereza ilianza mpango wa kuhifadhi ardhi ya Uluguru. Nia yake ilikuwa kuuzuia udongo usichukuliwe na mvua, na watu waliamriwa kuchimba matuta ya ngazi katika miteremko. Kazi ilikuwa nzito. Tena, udongo wenye rutuba katika sehemu nyingi za milima ni tabaka jembamba. Ngazi zilipochimbwa, udongo mbovu wa chini ulitokea juu. Wakulima walilijua jambo hilo kwa majembe yao, lakini manung'uniko yao yalihesabiwa kuwa uvivu na ukaidi. Mwezi wa Julai 1955 ghasia zilitokea upande wa Matombo, na mtu mmoja akapoteza maisha yake. Baadaye mpango ule ukaachwa. Laiti wakubwa wangalikuwa na mtani wa kuwaambia kweli, na uvumilivu wa kumsikia bila hasira, pengine udongo ungalihifadhiwa kwa njia nyingine, wala damu isingalimwagika.

Hata hivyo hatupendi kuusifu utani kupita kiasi chake. Utani una mipaka. Asiye mtani akitumia maneno ya mtani, huyo ametukana, wala hawezi kujificha nyuma ya mila. Naye mtani anayekuja kutania na kutwaa kuku wa mwenzake, lakini siku ya kaburi haonekani, amechukua haki akaacha wajibu. Ulimi wa utani umenunuliwa kwa jembe la mazishi. Asiyeshika jembe na aufunge ulimi wake.

Enyi vijana mnaosoma, siku hizi mnakaa shuleni na kazini pamoja na watu wa makabila mengi. Mtasikia utani, nanyi mtatania. Jiulizeni maswali mawili: mwenzangu akinirudishia maneno haya haya, je, nitacheka? Na akifiwa usiku wa leo, je, nitakwenda? Kama jibu ni ndiyo kwa yote mawili, tanieni kwa furaha. Kama sivyo, nyamazeni kwanza, mkajifunze.

Ukuta wa Simbamwene ulijengwa ili kuwazuia watu wasiingie, na maji yaliuangusha. Utani ulijengwa ili aliyekuwa adui aingie, akae, ale, na mwishowe atuchimbie kaburi. Ndiyo maana mafuriko hayakuubeba. Nasi twaomba kila mmoja wetu, awe Bigwa au mbali na Bigwa, ajenge ngome ya namna hiyo mlangoni pake.