Maji ya Mlau

Warufiji wana neno ambalo hutalikuta kwa urahisi katika michoro ya wahandisi: mlau. Ni kilimo kinachofuata mafuriko. Mto ukijaa humwaga tope lenye rutuba bondeni. Maji yakipungua, mkulima hupanda mahindi kwenye unyevu uliobaki, bila kungoja mvua. Msimu wa mpunga alihamia kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, akalinda shamba. Mafuriko ya wastani kwake yalikuwa chakula. Aliyoyaogopa ni yale makubwa kupita kiasi.

Serikali iliyaona yote kuwa balaa. Baada ya maji makubwa ya 1968, Operesheni Rufiji iliwahamishia watu kwenye vijiji vya ardhi ya juu. Nyumba zikapanda, mashamba yakabaki chini, na watu wakaendelea kushuka kuyafuata.

Mwaka 1975 iliundwa RUBADA, mamlaka ya kuendeleza bonde hilo, huku bwawa la Stiegler's Gorge likiwa ndoto kuu. Ujenzi ulianza 2019, na Desemba 2022 bwawa, sasa kwa jina la Julius Nyerere, likaanza kujazwa. Mitambo yake 9 imekusudiwa kutoa megawati 2,115.

Hapo ndipo penye mtego. Umeme hutaka bwawa lijae. Kinga ya mafuriko hutaka libaki na nafasi ya kupokea mvua zijazo. Kila mita ya maji inayowekwa akiba kwa ajili ya mitambo ni mita inayokosekana siku mto unapofura.

Aprili 2024 mafuriko yalizamisha mashamba na makazi ya Rufiji na Kibiti. Wakazi wengi walilaumu maji yaliyofunguliwa bwawani. Serikali ikajibu kwamba bonde limefurika tangu zamani, na kwamba bwawa lilipunguza makali. Kauli hizi hazipingani kama zinavyosikika. Bwawa laweza kupunguza kilele cha mafuriko, na bado likafungulia maji yanayomkuta mtu shambani.

Zamani mkulima aliusoma mto mwenyewe. Leo kimo chake huamuliwa pia na aliyeshika milango ya bwawa. Basi tahadhari ya mapema si hisani kwa mtu wa bondeni, ni deni. Na deni la pili ni mafuriko madogo yaliyopangwa, yatakayoshusha tope la mlau. Bonde lisilofurika kabisa nalo lina njaa yake.